Kila Chakula na Saa Yake

Voi ya mwezi wa Februari ni mtihani wa jiko. Mji uko chini, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, nyika ya Tsavo imeuzunguka, na upepo utokao huko huja mkavu, umebeba vumbi jekundu. Nyanya zilizonunuliwa asubuhi zikiwa ngumu zimelegea kufikia adhuhuri. Maziwa yasiyochemshwa mapema hukatika. Sukuma wiki hunyauka kabla hazijafika nyumbani. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za mji huu watu wanakula vizuri mchana na jioni, watoto hawaumwi tumbo, na kinachotupwa ni kidogo mno. Huo ni ufundi. Nauandikia sifa kwa sababu tumeuzoea hata tumeacha kuuona.

Kiini chake ni hiki: kila chakula kina saa yake, na fundi wa jiko ni yule anayezijua saa hizo zote kwa pamoja. Anajua kipi kipikwe kwanza, kipi kingoje, kipi kianikwe, kipi kifungwe kisipate hewa. Jua lile lile linaloozesha nyanya ndilo linalokausha mahindi. Upepo ule ule unaonyausha mboga ndio unaopoza maji ya mtungini. Mpishi wa Voi hashindani na kiangazi, anakigawia kazi.

Kazi yenyewe huanzia sokoni. Kabeji, karoti na sukuma wiki hushuka kutoka Wundanyi na vijiji vya milima ya Dawida, kwenye mita 1,400 hivi. Kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, mboga hizo zimekulia penye ubaridi, kisha zikapitishwa Mwatate na kuingizwa katika joto zisilolijua. Ndizi huletwa kutoka Taveta, penye chemchemi na mifereji ya kumwagilia mashamba. Nazi hupanda kutoka pwani kwa barabara ya Mombasa. Mnunuzi stadi hufika mapema, mboga hazijapigwa na jua, na hununua kwa kuhesabu siku: ndizi zilizoiva za leo, zinazogeuka rangi za keshokutwa, mbichi za kupika baadaye. Nyanya vivyo hivyo. Hubeba kikapu kinachopitisha hewa, kama vile ambavyo wanawake wa Kasigau hufuma kwa mkonge, wala hafungi majani mabichi mahali pasipo na pumzi. Akifika nyumbani hapumziki kwanza. Mboga hutandazwa kivulini, zinazoanza kulegea hutengwa kwa chakula cha mchana, zilizo imara hufunikwa kwa kitambaa kibichi.

Maji nayo yana utaratibu wake. Chemchemi za Mzima, zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, hulishwa na mvua ya vilima vya Chyulu inayochujwa na miamba ya volkano, na bomba lake kuelekea Mombasa hupita katika kaunti hii. Lakini siku ambazo mfereji haudondoshi hata tone si ngeni kwa mkazi wa Voi. Kwa hiyo tone moja hufanya kazi zaidi ya moja. Maji yaliyosuuzia mchele huanza kulainisha sufuria yenye ukoko. Yaliyosuuzia mboga humwagwa kwenye mchanga uliozunguka mtungi.

Mtungi huo unastahili aya yake. Chombo cha udongo kilichochomwa bila kupakwa rangi kina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo polepole hadi nje, yakageuka mvuke, na mvuke huondoka na sehemu ya joto la maji yaliyobaki ndani. Kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo kazi hiyo inavyokwenda upesi. Ndiyo maana mtungi wa Voi hupoza maji vizuri kuliko mtungi huo huo ukipelekwa Mombasa, ambako hewa imejaa unyevu wa bahari. Anayeujua mtungi hauweki pembeni mwa chumba. Huuweka kivulini, mahali upepo unapopita. Hausugui kwa sabuni, kwa kuwa udongo hunywa sabuni na kuirudisha ndani ya maji. Huusugua kwa makumbi ya nazi na mchanga safi, hasa pale ambapo maji ya kisima yana chumvi, maana chumvi huziba vile vitundu na mtungi ukaacha kutoa jasho. Huko kaskazini mwa Nigeria, katika miaka ya 1990, mwalimu Mohammed Bah Abba alitumia elimu hii hii: chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, kitambaa chenye maji juu. Biringani zilizokuwa zikidumu siku 3 zilikaa siku 27, na mwaka 2000 kazi yake ikapewa tuzo ya Rolex. Nyika ya Voi ina hewa inayofaa kabisa kwa chombo kama hicho, na mchanga tunao.

Jua nalo lina zamu yake. Majani ya kunde yakichumwa mengi kuliko yanayolika, huchemshwa kidogo, huanikwa, na kuwekwa kwa ajili ya miezi ambayo shamba halina jani. Maharagwe na kunde za mbegu huanikwa tena na tena ili mayai ya fukusi yafe kwa joto, kisha huchanganywa na majivu yaliyochekechwa. Majivu hayo hujaza nafasi kati ya punje, mdudu akakosa njia ya kupita, na ngozi yake ikakwaruzika hadi akakauka.

Mahindi yanahitaji uangalifu kuliko vyote, na kaunti hii ina sababu ya kulijua hilo. Dumuzi, mdudu mdogo mweusi mwenye asili ya Amerika ya Kati, aliingia Tanzania kupitia eneo la Tabora, na hapa Kenya alionekana kwanza Taveta mwaka 1983. Fukusi wa zamani alikuwa akitoboa punje. Dumuzi huigeuza unga, akamaliza gunzi zima, kisha akahamia kwenye muhogo mkavu na hata mbao za ghala. Mazoea ya kuweka mahindi yakiwa bado kwenye magunzi yakawa hasara. Akina mama wakalazimika kujifunza upya: kupukuchua mapema, kukausha hasa, kufunga kwenye magunia yasiyopitisha hewa ili mdudu aliye ndani aimalize pumzi yake na kufa.

Kukausha hasa ndiko kunakotenganisha fundi na mwanagenzi. Punje iliyoiva kwa jua hukatika kwa meno kwa mlio mkali. Asiyeyaamini meno yake huchukua chupa kavu ya glasi, akatia kiganja cha mahindi na chumvi kavu, akatikisa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi yarudi juani. Uangalifu huo unalinda uhai. Mwaka 2004, majirani zetu wa Makueni na Kitui walikuwa kitovu cha maafa ya sumukuvu: watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu kwa sababu yalihifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, wala jicho haliwezi kuiona kila mara. Kinachoizuia ni kazi iliyofanywa kabla gunia halijafungwa.

Halafu ndipo unakuja upishi wenyewe, na hapa ndipo ninapoustaajabia ufundi huu kuliko popote. Chukua sufuria moja ya maharagwe. Mpishi huanza alfajiri, jiko likiwa nje au mlangoni, ili moto mrefu umalizike kabla bati halijapata moto wa pili wa jua. Maharagwe huchemshwa makavu, bila nyanya, bila kitunguu, bila nazi. Yakiiva, huyagawa. Sehemu ya leo huungwa kwa tui. Ya kesho hubaki tupu, hupoozwa haraka katika chombo kipana na kuhifadhiwa penye baridi. Anafanya hivyo kwa sababu anajua kwamba tui ndilo litakalochacha kwanza, likifuatwa na nyanya. Na hiyo sehemu ya kesho, ikipashwa mpaka ichemke barabara, yaweza kupondwa na muhogo, viazi vitamu au ndizi, ikawa kimanga, chakula cha Kitaita kinachoshikamana, kinachobebeka hadi shambani, na kinachomtosheleza mtu hadi jioni.

Wali una sheria nyingine. Vijidudu vya mchele vina mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa uvuguvugu mezani, mbegu hizo huamka, na sumu inayotokana nazo haiondolewi kwa kukaangwa kesho yake. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na joto la Voi halitoi nyongeza. Kwa hiyo wali hupimwa kwa vinywa vilivyopo. Nyama ya kesho hupakwa chumvi na ukwaju, au hukaushwa motoni. Maziwa huchemshwa asubuhi, yakachemshwa tena jioni. Mwenye friji ana msaada mkubwa, lakini umeme ukikatika naye hurudi kwenye elimu hii: haufungui mlango ovyo, na anajua kwamba ana saa 4 hivi kabla ya kuanza kupika kila kilichomo.

Mwisho wa siku jiko hurudishwa katika hali yake. Majivu hutolewa ili makaa ya kesho yapate hewa, na sehemu yake husugulia masufuria. Mwiko, kinu na ubao wa kukatia husuguliwa na kuanikwa kwenye kichaga, kwa sababu mti unaolala na maji hufuga ukungu. Miguu ya kabati huwekwa ndani ya mikebe ya maji ili sisimizi wasipande, na maji hayo hubadilishwa yasije yakazaa mbu. Chakula kinachongoja kuliwa hufunikwa kwa kawa, nzi asikifikie na mvuke upate pa kutokea. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayochukua muda mrefu. Ugumu wake uko katika kutokosa hata siku moja.

Tunamwita fundi anayejenga, anayeshona, anayetengeneza gari, na tunamlipa. Anayeshika saa za vyakula kumi kichwani, akajua kemia ya tui, hewa ya mtungi na ukavu wa punje, tunamwambia yuko nyumbani tu. Hilo si haki, na lina gharama. Vijana wetu wa kiume wanapanga vyumba Mombasa na Nairobi bila kujua kuchemsha maharagwe, na mishahara yao inaishia kwenye chipsi za barabarani. Mabinti nao wanaanza kuamini kwamba kujua haya ni alama ya kukosa elimu. Ufundi usio na wanafunzi hufa hata ukisifiwa vipi.

Basi kila mtoto afundishwe, wa kiume na wa kike, na afundishwe kama mwanagenzi anayeelezwa sababu, si kama mtumishi anayeamrishwa. Aanze na ile sufuria ya maharagwe. Aulizwe kwa nini tui linangoja, kwa nini chombo kiwe kipana, kwa nini sehemu hii isitiwe nyanya. Siku atakapoweza kupanga chakula cha leo, kesho na keshokutwa katika chemsho moja, kiangazi hakitamtisha popote atakapoishi, na aliyemfundisha atastahili kuitwa fundi mbele za watu.