Kuficha si Kuweka: Tahakiki ya Visawe Vyetu

Mwanafunzi wetu mmoja hapa Kanama aliandika katika insha yake kwamba mama yake huficha maharagwe ya mbegu mpaka majira ya kupanda. Tulimkata alama. Naye, kwa adabu, akatuonyesha daftari lake: ficha, weka, hifadhi, sitiri, limbika, visawe vitano tulivyoviandika ubaoni kwa mkono wetu wenyewe.

Orodha za namna hiyo tumezizoea mno, na twaona umefika wakati wa kuzihoji. Katika Kinyarwanda mtoto hubika maharagwe, hubika fedha, hubika na siri. Alipotafuta neno la Kiswahili, sisi tulimpa ficha, ambalo ndugu yake halisi ni guhisha. Angeachwa peke yake asingelikosea, kwa kuwa hakuna Mnyarwanda asemaye kwamba mama yake huhisha mbegu.

Anayeficha ana mtu anayemficha. Bila mtu huyo neno halisimami. Hili si jambo dogo la sarufi. Mwaka 1983, Tanzania ilipopambana na wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, gunia la sukari lililokutwa nyuma ya duka liliweza kuitwa akiba na mwenyewe, na wakaguzi wakaliita bidhaa iliyofichwa. Gunia ni lile lile. Neno ndilo lililompeleka mtu mahakamani. Kwa hiyo mtoto anayesema mama yake anaficha maharagwe amemshtaki mama yake pasipo kujua.

Akiba, kinyume chake, haimtazami mtu bali hutazama siku. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwisho au matokeo, yaani kile kijacho baadaye. Waingereza nao wana 'reserve', kutoka Kilatini, ambalo kwa asili ni kubakiza nyuma. Twapenda tofauti hiyo: mmoja hubakiza nyuma, mwingine huwekea mbele. Limbika huongeza wazo la kidogo kidogo, na halifai kwa gunia lililonunuliwa mara moja. Hazina imetokana na shina la Kiarabu la kuweka ghalani, shina lile lile lililozaa 'magasin' ya Kifaransa, kwa kupitia Kiitalia. Basi wazee wetu waliosoma Kifaransa walikuwa na binamu wa hazina midomoni mwao miaka yote.

Hifadhi huogopa uharibifu, ndiyo maana hutumika kwa misitu, kwa nyaraka, na kwa aya anazozishika moyoni msomaji wa Kurani. Sitiri, kwa maoni yetu, ndilo neno linaloonewa zaidi darasani. Nguo humsitiri mtu; nyumba humsitiri mgeni; jirani husitiri aibu ya jirani. Hapo kufunika ni heshima anayotendewa mwenye kufunikwa. Ukiliweka safu moja na ficha, umeiondoa huruma iliyomo. Mficha maradhi, wasema wahenga, kifo humuumbua. Wala hawakusema msitiri maradhi.

Limebaki neno la mpakani. Kwa kuwa Goma iko jirani, wanafunzi wetu husema 'nichungie mfuko huu', na mgeni kutoka Dodoma hushangaa mfuko kuchungwa kama mbuzi. Wenzetu wengi hulifuta kwa wino mwekundu. Sisi hatuoni haraka ya kulifuta. Kifaransa nacho hutumia 'garder' kwa kondoo na kwa mzigo, na huenda Kiswahili cha Kongo kimesikiliza huko. Mwanafunzi aambiwe tu kwamba kwenye mtihani ataandika tunza au weka, na kwamba sokoni Mahoko ataeleweka kwa chunga. Tangu Bunge la Rwanda lilipopitisha, mwaka 2017, Kiswahili kuwa lugha rasmi, watoto hawa hukutana na Kiswahili cha pande zote mbili, na mwalimu anayekijua kimoja tu huwapunja.

Orodha yetu tumeifuta. Mahali pake tumeandika sentensi tano, kila neno na mtu wake na kitu chake, na ya kwanza ni ya mama anayeweka mbegu. Alama za yule mwanafunzi tumemrudishia.