Maleba ya Miungu katika Picha Ndogo

Picha ndogo za wanawake waliovaa maleba ya ngano za kale aghalabu huhukumiwa kuwa pambo tu. Hukumu hiyo ni nyepesi. Kazi za Isaac Oliver, mzaliwa wa Rouen na mwanafunzi wa Nicholas Hilliard mjini London, zatosha kuipinga.

Mwaka 1605 Oliver aliteuliwa kuwa mchoraji wa Malkia Anne, mke wa Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza. Zama hizo malkia na mabibi wa kasri walishiriki katika tamasha zenye nyimbo, ngoma na mavazi ya fahari. Tarehe 2 Februari 1609 ilichezwa The Masque of Queens katika jumba la Whitehall. Ben Jonson alitunga maneno. Inigo Jones alibuni maleba. Malkia na wenziwe 11 walitokea katika sura za malkia mashuhuri. Lucy, bibi wa Bedford, alikuwa Penthesilea, kiongozi wa wanawake wapiganaji. Hata hivyo, hakuna aliyefumbua kinywa. Wao walicheza, maneno yalisemwa na waigizaji wa kiume.

Ukimya huo ndio ufunguo wa picha za Oliver. Rangi za maji zimepakwa juu ya ngozi laini iliyobandikwa kwenye kadi, na picha nzima yaenea kiganjani. Ukumbini mwanamke alitazamwa na umati. Hapa hutazamwa na mtu mmoja, aliyemshika mkononi. Shela na vito ni vya ngano, lakini uso ni wa binadamu. Hilliard alikiepuka kivuli; Oliver alikitumia taratibu, hata shavu likaonekana kuwa hai. Kwa hivyo maleba hayakuumeza uso.

Lakini sanaa hii ina deni. Katika Makumbusho ya Victoria and Albert, London, imo picha yake ya bibi mmoja aliyevaa maleba ya namna hiyo. Jina la bibi huyo limepotea. Vazi lilimpa fahari ya ngano, wala halikumhifadhia jina. Penthesilea, ambaye yamkini hakuishi kamwe, angali anajulikana; mwanamke aliyeketi mbele ya mchoraji hajulikani. Mhakiki anayesifu vito peke yake humpoteza mara ya pili, maana kilichookolewa na Oliver ni uso.