Kupunguza nguo ya kuogelea: sufuria au cherehani?

Mtu ambaye nguo yake ya kuogelea inampwaya huambiwa aichemshe. Itie kwenye sufuria, iache ipoe humo humo, ianike juani, itanywea. Ushauri huu umetoka kwenye fulana na mashati ya pamba, na kwa pamba ni wa kweli. Kwenye nguo ya kuogelea unapoteza muda, na ukiurudia unaua nguo yenyewe.

Mfano ninaouchambua ni nguo ya kipande kimoja, bluu iliyokolea, mtumba wa Kongowea, Mombasa. Kibandiko cha ndani kilisema nailoni asilimia 82, elastani asilimia 18. Kifua kilikaa vizuri. Kiuno kilipwaya, mgongo ukafanya mfuko juu ya makalio, na mikanda iliteleza mabegani kila mkono ulipoinuliwa. Kwa anayeota jua ufukweni hilo si tatizo kubwa, ila kwa anayeogelea ule mfuko wa mgongoni hujaa maji na kumvuta nyuma. Huko Nungwi, Unguja, wapo wasichana wanaojifunza kuogelea wakiwa wamevaa nguo ndefu za mikono na miguu. Kwao kupwaya ni jambo zito zaidi, kwa sababu maji yanayokaa kwenye mikono ya nguo humchosha mwanafunzi kabla hajajua hata kuelea.

Pamba hunywea kwa sababu nyuzi zake hunywa maji na kuvimba, kisha ule mvuto uliowekwa kiwandani wakati wa kufuma unaachia. Nailoni hunywa maji kidogo sana. Zaidi ya hapo, kabla kitambaa hakijatoka kiwandani hutandazwa kwa upana unaotakiwa na kupitishwa kwenye joto kavu la karibu nyuzi 190 za Selsiasi, na umbo lile linashika. Maji ya jikoni Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, nayo hayawezi kulivunja umbo lililoshikwa kwa joto la karibu mara mbili yake.

Nguo ile ilichemshwa hata hivyo. Ilipokauka, tepu ilionyesha kiuno kimepungua kwa chini ya nusu sentimita. Ilipovaliwa na kuloa, nusu sentimita hiyo nayo ikatoweka.

Anayeumia katika zoezi hili ni elastani, uzi uliovumbuliwa Marekani mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont. Huo ndio unaoifanya nguo ivutike na kurudi. Huvutika hadi zaidi ya mara tano ya urefu wake, lakini joto la kurudiwarudiwa, klorini ya bwawa, jua na mafuta ya kujipaka huukatakata. Dalili zake zinaonekana kwa macho. Vuta kitambaa cha makalioni kwa vidole viwili, ukielekeze kwenye mwanga. Ukiona vinywele vyeupe vimechomoza, au ukikiachia kikabaki kimelegea, elastani imekufa na hakuna fundi atakayeifufua. Ningependa kila anayenunua mtumba afanye jaribio hili palepale kwenye meza, kabla hajataja bei.

Nguo yetu ilifaulu jaribio hilo, ndiyo maana ilistahili kupelekwa kwa fundi. Alichofanya kwanza kilinifurahisha: hakugusa kiuno, alianza na mikanda. Aliukunja kila mmoja kwa nyuma sentimita 2 na kuubana kwa pini, na nusu ya mfuko wa mgongoni ukapotea hapo hapo. Nguo nyingi zinazodhaniwa ni pana kwa kweli ni ndefu kuliko kiwiliwili cha mvaaji. Kitambaa kinachoshuka kutoka mabegani hujikusanya kiunoni, na macho yakahesabu upana.

Kilichobaki ndicho kilikuwa upana hasa. Nguo ilivaliwa nje-ndani juu ya chupi, pini zikapita kwenye mishono ya ubavuni, bitana ikiwa ndani ya pini pamoja na kitambaa cha juu. Hesabu ya hapa huwapotosha wengi. Kiuno kilihitaji kupungua sentimita 4 kwa mzunguko. Kuna mishono miwili, kwa hiyo kila mshono unachukua sentimita 2; na kwa kuwa mshono una pande mbili, mstari mpya unaingia ndani sentimita 1 tu. Anayeingia sentimita 2 kila ubavu amepunguza 8, na nguo haitapita nyongani. Mstari ulianzia chini ya kwapa ukiwa sifuri, ukazama kiunoni, kisha ukarudi sifuri kabla ya kufika kwenye lastiki ya paja. Lastiki ile isipokatwa, kazi inabaki ndogo.

Cherehani nyingi za mitaani, zile nyeusi za Butterfly, hushona mshono ulionyooka peke yake. Mshono ulionyooka kwenye kitambaa kinachovutika hukatika uzi siku ya kwanza mtu akiinama. Zigizaga nyembamba ndiyo dawa, kwa uzi wa poliesta na sindano ya vitambaa vya kuvutika, namba 75, ambayo ncha yake ya mviringo husukuma nyuzi kando badala ya kuzitoboa. Kama hakuna zigizaga, fundi avute kitambaa kidogo mbele na nyuma ya sindano anaposhona, apitishe mistari miwili. Uzi wa pamba usitumike kabisa, hauvutiki na huoza upesi kwa maji.

Pindo la paja likiwa limelegea, lastiki hubadilishwa, lakini isiwe ile nyeupe ya chupi, kwa kuwa klorini huimaliza mapema. Tafuta lastiki ya mpira iliyotengenezwa kwa nguo za kuogelea. Upande wa mbele wa paja hulazwa bila kuvutwa. Upande wa nyuma huvutwa kidogo ili ukumbatie makalio. Ikivutwa sawa pande zote, mbele itakata nyama na nyuma itapanda.

Kwa nguo ndefu utaratibu ni uleule, ila mshono unaoingizwa ni ule wa ndani ya mkono na ndani ya mguu. Na kuna mpaka: ukipita kipimo kimoja cha nguo, vikombe vya kifua na kipande cha katikati ya miguu huhama mahali pake, na hapo ni heri kutafuta nguo nyingine.

Jambo la mwisho ni la kumwambia fundi kabla hajawasha mashine. Asikate ziada ya kitambaa siku ya kwanza. Iloweshe nguo, ivae ikiwa imelowa, inama, inua mikono, chuchumaa. Nguo ya kuogelea hulegea kidogo ndani ya maji, kwa hiyo ikiwa kavu inapaswa kubana kiasi. Ukiridhika, mrudishie fundi akate.