Sikio la Robert Lachmann

Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, mrekodi alipuliza filimbi ndogo mbele ya tarumbeta la fonografu. Sauti moja tu, ya A, mitetemo 435 kwa sekunde. Kisha wimbo ukaanza, na baada ya dakika mbili au tatu silinda ya nta ikawa imejaa. Silinda ilipofika Berlin, aliyeketi mezani kuuandika wimbo kwa noti alianza na filimbi hiyo hiyo. Alirekebisha mwendo wa mashine, akarudia, akarekebisha tena, mpaka sauti iliyo kwenye nta ilingane na filimbi yake. Bila hivyo mashine ingekwenda mbio, mzee angesikika kama kijana, na kila kipimo kingekuwa cha uongo.

Robert Lachmann aliifanya kazi hiyo kwa subira ninayoiheshimu sana. Alizaliwa Berlin mwaka 1892. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwekwa kuwa mkalimani katika kambi ya mateka ya Wünsdorf, na huko ndiko alikozisikia nyimbo za askari wa Afrika Kaskazini. Waimbaji hao hawakuwa watu huru, na tusilisahau hilo tunapomsifu msikilizaji wao. Mwaka 1922 alipata udaktari kwa utafiti wa muziki wa mijini nchini Tunisia, lakini udaktari haukumpa mshahara. Riziki aliipata kwa ukutubi katika Maktaba ya Taifa ya Prussia, na muziki wa Waarabu akaushughulikia kwa saa alizozipata.

Wenzake nao hawakuwa na hali nzuri zaidi. Mwalimu wake, Erich von Hornbostel, aliyeongoza hazina ya sauti ya Berlin iliyoanzishwa mwaka 1900, aliona mali ya familia yake ikiyeyuka baada ya vita. Jaap Kunst, bingwa wa muziki wa Java, alikuwa mwanasheria aliyekula mshahara wa serikali ya kikoloni huko Bandung. George Herzog, aliyekuwa msaidizi wa Hornbostel, alihamia New York. Kilichowaunganisha ni barua, na kilichopita mkono kwa mkono ni silinda.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Hazina ilimkopesha msafiri, daktari au mmisionari mashine na silinda tupu. Zikirudi zimerekodiwa, ilitengenezwa kalibu ya shaba, na nta ya asili ikaharibika katika kazi hiyo. Kutokana na kalibu zilitolewa nakala, na mrekodi akapata zake. Nyimbo za Tanganyika nazo ziliifikia Berlin, na mwaka 1909 Hornbostel alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi. Mwaka 1928 aliandika katika toleo la kwanza la jarida la Africa, London, kwamba mdundo wa Kiafrika hueleweka kwa kuufuata mwendo wa mwili wa mpigaji na si kwa sikio peke yake. Wapo waliompinga baadaye, lakini hoja yake ilistahili kufikiriwa.

Turudi kwenye meza ya mwandishi wa noti. Nakala ya nta huchakaa kila ikichezwa, kwa hiyo mwandishi hakuwa na ruhusa ya kusikiliza ovyo. Kwanza alisikiliza wimbo wote ili ajue unapumua wapi. Kisha alichukua kipande kidogo, akakiandika kwenye mistari mitano, akakirudia. Sauti ikipanda kidogo kuliko noti inavyoruhusu, aliweka alama ya kujumlisha juu yake. Ikishuka, alama ya kutoa. Madoido ya koo yakipita haraka mno, alipunguza mwendo, na wimbo ukashuka kimo. Sisi tuliolelewa na taarab tunaujua ugumu huo. Kidole cha mpiga udi hutua mahali ambapo piano haina kibonyezo. Wataalamu hupima kimo cha sauti kwa senti: oktavo ina senti 1200, na kati ya nusu sauti mbili za piano kuna senti 100. Sauti inayoangukia senti 350 hivi uiandikeje? Anayeiandika kwa noti ya jirani amemsingizia mwimbaji. Lachmann hakukubali kumsingizia mtu.

Mwaka 1932 Mfalme Fuad wa Misri aliitisha kongamano la muziki wa Kiarabu mjini Cairo. Hornbostel alikuwapo, na mtaalamu wa muziki Curt Sachs, na mtunzi Béla Bartók. Lachmann alikabidhiwa kamati ya kurekodi. Wenyeji wengi walitaka muziki wao ubadilike na ukue, nao walikuwa na haki hiyo. Lachmann aliona kazi yake ni kuhakikisha kwamba ya zamani yamesikika kwanza. Zaidi ya santuri mia moja zilirekodiwa.

Mwaka uliofuata Wanazi walishika serikali, na Lachmann, akiwa Myahudi, akafukuzwa maktaba. Jarida la muziki linganishi alilolihariri lilianza mwaka huo huo kwa msaada wa fedha za wenzake wa Marekani, likafa mwaka 1935. Hornbostel alikimbilia New York, kisha Uingereza, akafia Cambridge mwaka 1935. Mwaka huo Lachmann alifika Jerusalem, katika chuo kikuu kilichompa nafasi lakini fedha zake zikiwa za kuomba kwa wafadhili. Akarekodi kwenye sahani za bati Waarabu, Wayahudi kutoka Yemen na Kurdistan, Wasamaria na Wakopti, karibu rekodi elfu moja. Akawaleta waimbaji studio ya redio, akaeleza muziki wao katika vipindi 12.

Alifariki Mei 1939, akiwa na miaka 46. Kitabu chake kuhusu nyimbo za Wayahudi wa kisiwa cha Djerba kilitoka mwaka 1940. Vile vipindi 12 vilichapishwa mwaka 2013 pamoja na sauti zenyewe. Ukivipata, vaa vipokea sauti masikioni, ukae navyo kimya.