Mtaka cha Mvunguni

Nati ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Ilikuwa kwenye bawaba ya mlango wa kushoto. Nilichukua spana namba 13, ikaingia bila tabu, nikavuta. Ikateleza. Nikavuta tena, ikateleza tena. Mara ya tatu pembe sita za ile nati zilikuwa zimegeuka duara, na ngozi ya kidole changu imebaki kwenye bodi ya gari. Fundi mzee niliyemwomba aje kunitazamia kazi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai. Hakuinuka. Alifungua tu mfuko wake wa turubai, akatoa spana nyeusi, nzito, iliyochongwa 1/2 shingoni.

“Hili ni gari la inchi, mwanangu,” alisema. “Wewe unalisemesha kwa milimita.”

Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana yangu ilizidi kwa milimita 0.3, unene wa karatasi tatu za daftari. Hizo karatasi tatu ndizo zilizonichuna kidole, na ndizo zilizonifundisha kwamba huu si ufundi wa mabavu. Chuma kina lugha yake. Asiyeijua atavunja, halafu atasema chuma kilikuwa kibovu.

Gari lenyewe ni pikapu, Land Rover 109 ya Series III, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kama mita 2.77. Nililinunua kwa familia ya bwana shamba mstaafu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Lilikuwa limesimama miaka kumi na moja chini ya mparachichi, na nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya bomba la hewa la kabureta. Lilikuja nyumbani Moshi likiwa juu ya mgongo wa lori. Majirani walitoka kutazama, mmoja akaniuliza kwa upole kama nimefungua biashara ya chuma chakavu. Huu ni mwaka wa sita. Jumamosi zangu nyingi zimeishia chini ya gari hilo, na sijuti hata moja.

Anayetaka kuelewa kwa nini gari kama hili linafufulika nyuma ya nyumba, kwa jeki, spana na turubai la kuzuia mvua, arudi nyuma kidogo. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgao. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya Kimarekani shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey. Umbo la kwanza la Land Rover alilichora mchangani, kwenye ufuko wa Red Wharf Bay. Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa Amsterdam. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, na kwa kuwa mashine kubwa za kufinyanga bati zilikuwa ghali, karibu kila bamba likaachwa bapa au na mkunjo mwepesi tu. Mabamba mengi yakafungwa kwa bolti. Kufikia 1976 yalikuwa yametoka kiwandani magari milioni moja ya namna hiyo, na mengi yakaja kuishi kwetu: polisi, mbugani, misheni, idara za maji na kilimo. Mtoto wa miaka ya sabini aliyeona vumbi linapanda barabara ya kijijini alijua kabla ya kuambiwa kwamba “Landrova” inakuja, na ndani yake mna mtu wa serikali au mgonjwa.

Umaskini ule wa 1947 ndio neema yetu leo. Bamba lililofungwa kwa bolti hufunguliwa, na bamba bapa hunyooshwa kwa nyundo na gogo.

Ila alumini ina hila yake. Pikapu yangu ilikuwa kama mzee aliyevaa kanzu safi juu ya mifupa iliyokwisha. Bodi haikuwa na kutu hata chembe, lakini chesisi ni ya chuma, tena ni boksi: vipande virefu vinne vilivyochomelewa kando kwa kando, ndani mna uwazi. Tope huingia, hukaa, hushika unyevu, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Siku unapoiona kwa macho, imekwisha kula. Na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, ni alumini inayoliwa, ikabaki unga mweupe kama wa muhogo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kusikiliza. Fundi mzee alinipa nyundo ndogo akaniambia niigonge chesisi yote, kidole kwa kidole, kutoka bampa la mbele hadi boriti ya nyuma. Umewahi kumwona mama sokoni akinunua chungu? Hakitazami tu, hukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chungu kizima hulia, chenye ufa huguna. Ndivyo ilivyo chesisi. Chuma kizima hujibu kwa sauti nyembamba inayokwenda mbali. Kilichooza kinasema “bu”, na safari nyingine nyundo inazama. Nilitembea na chaki nikitia alama kila palipoguna. Mwisho wa siku gari lilionekana kama limeugua tetekuwanga.

Kisha kikaja kipindi kirefu cha kufungua, na hapa ndipo ninapotaka kuusifu ufundi huu kwa dhati. Watu hudhani kazi ya fundi ni kufunga. Kufunga ni nusu tu, tena nusu iliyo rahisi, ukifungua kwa akili. Nati iliyoshika kutu miaka kumi na moja haivutwi siku unapoifikia. Unaipiga brashi ya waya, unaidondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, unaondoka. Kesho unaigonga kidogo kichwani, unaidondoshea tena, unaondoka. Kesho kutwa unaitisha kwa moto. Siku ya nne unaweka spana ya inchi, safari hii spana sahihi, unavuta kwa pumzi, na unausikia mlio mdogo, “ka!”, wa kitu kilichokubali. Mlio huo ukiusikia mara moja utautafuta maisha yako yote.

Kila kilichofunguliwa kiliingia kwenye kopo lake. Makopo ya majarini, ya maziwa ya unga, ya rangi, yote nimeyabandika karatasi: bawaba ya mlango, kulia, juu, jozi ya bolti na nati, washa mbili, bapa imekaa nje. Mwanangu wa pili alijifunza kuandika vizuri kwa kunisaidia kazi hiyo. Mke wangu alivumilia rafu nzima ya jikoni kuhamia uani. Fundi asiyetunza kumbukumbu ya alivyofungua, siku ya kufunga atabaki na nati tatu mkononi na uongo mmoja mdomoni, kwamba hizo zilikuwa za ziada.

Katika kufungua nilianza kukutana na watu. Sikuwaona sura, niliona mikono yao. Chini ya kabureta palikuwa na gasketi iliyokatwa kwenye boksi la sabuni, herufi mbili bado zinasomeka. Rejeta ilikuwa imekalia kipande cha kandambili ya buluu badala ya mpira wake. Na kwenye boriti ya chesisi, nyuma ya kiti cha dereva, nikakuta kiraka cha chuma kilichokatwa kwenye pipa, kimechomelewa kwa mshono uliopangika kama sarafu zilizolazwa. Aliyeufanya alilala chini, uso juu, cheche zinamwangukia kifuani, na bado mkono wake haukutetemeka.

Hapo nikapata swali ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nimesema naurudisha uasili wa gari. Uasili upi? Wapenzi wengi wa magari ya kale hutaka kila skrubu iwe kama ilivyotoka kiwandani Solihull, na mimi nilianza hivyohivyo, nikiona kila kiraka kama aibu ya kufutwa. Lakini gari hili halikuishi Solihull. Lilizaliwa huko, likapakiwa, likaja kuishi kwenye udongo wetu mwekundu, likabeba mbolea, mbegu, wagonjwa, na bila shaka maharusi. Boksi la sabuni na kandambili ni wasifu wake. Ukivitupa vyote kwa ajili ya kung’arisha, umelifufua gari lakini umeyafuta maisha yake.

Nilimuuliza fundi mzee. Alifikiri kidogo, akanipa kanuni ambayo sijaipata katika kitabu chochote: kiraka kinachoweza kuua, toa, kiraka kinachokutia aibu tu, kiache kiseme. Breki na stelingi tukaondoa kila cha kubahatisha. Gasketi ya sabuni nayo ikatoka, maana petroli na moto havina utani. Kandambili ikaenda kupumzika kwenye kopo lake. Ile boriti tuliigonga kwa nyundo. Kiraka cha pipa kililia kwa sauti nzuri kuliko chuma cha kiwandani kilichokizunguka. Tukakata kilichooza kandokando, tukachomelea kipya, kiraka tukakiacha.

Wako wanaoniambia, na wana haki, kwamba kwa fedha za spea peke yake ningepata gari la mtumba kutoka Japani, lenye kiyoyozi na redio. Siwabishii. Pikapu hii hula lita moja ya petroli kwa kilomita sita hivi, haina ubaridi ila wa upepo, na kwenye mwinuko hupitwa na bajaji. Anayetafuta usafiri asifuate njia hii. Lakini gari la kisasa likikwama linahitaji kompyuta ili liseme linaumwa wapi. Hili husema lenyewe, ukijifunza kulisikiliza, na kulisikiliza huko kunamjenga msikilizaji.

Chukua mfano wa tapeti. Injini yake ya petroli, sentimita za ujazo 2,286, ina silinda nne na valvu nane. Kati ya kila valvu na mkono unaoikandamiza sharti paachwe nafasi ya inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Ikizidi, injini hugongagonga kama mashine ya kushonea. Ikipungua, valvu haifungi, huungua. Unapima kwa fila geji, ulimi mwembamba wa chuma, na wembamba wenyewe hausomwi kwa macho. Ulimi unatakiwa upite kwa kusita, kama unavyochomoa noti iliyobanwa katikati ya kitabu kizito. Fundi mzee, ambaye macho yake yamekwisha kufifia, alinifundisha hesabu yake: valvu ya kwanza ikiwa imekandamizwa hadi mwisho, pima ya nane, ikiwa ya pili, pima ya saba, ya tatu, pima ya sita. Jumla ni tisa siku zote. Baadaye nilikuta utaratibu huohuo katika kitabu cha mafundi cha gari hilo. Yeye hakuwahi kukisoma. Alipokezwa na aliyepokezwa.

Hilo ndilo linalonipa wasiwasi kuliko kutu. Spea za Land Rover bado zinapatikana, mpya na za mtumba, kwa anayejua kutafuta. Sikio linalotofautisha chuma kinacholia na kinachoguna haliuzwi dukani. Linakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, linakunywa chai, na kila mwaka linazeeka.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, tuliwasha injini. Betri yenye nguvu sikuwa nimenunua bado, kwa hiyo tuliwasha kwa hendeli, kupitia tundu la bampa. Hendeli nayo ina adabu yake: dole gumba hulikunji kuizunguka, unaliweka upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudisha teke huvunja mfupa. Nilivuta mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tano silinda zikaanza kupokezana kwa zamu yao, moja, tatu, nne, mbili, na uani pakajaa moshi wa buluu na vigelegele vya watoto wa jirani. Fundi mzee hakushangilia. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema: “Valvu ya sita. Ipime tena.”

Nikaipima. Ilikuwa imebana.

Mlango wa kushoto bado haufungi sawasawa, na rangi nimepuliza nusu. Sina haraka. Ila ninalo ombi kwa msomaji mwenye mzee fundi mtaani kwake. Huna haja ya kununua gari. Mnunulie chai, kaa naye, muulize alivyokuwa akifanya, na uandike. Na ukipita Moshi ukitaka kuona kazi ya mkono usio na jina, kile kiraka cha pipa bado kipo. Kipo uvunguni, nyuma ya kiti cha dereva, nimekipaka rangi nyeusi bila kukisaga. Anayetaka kukiona itambidi ainame.