Haki Bila Upole

Ukitoka Kahawa Sukari ukashika barabara kuu, ukazipita Ruiru na Thika na kuelekea Murang'a, utaingia katika nchi ya vilima na mabonde, na kila bonde lina mto wake. Nchi ya namna hiyo ndiyo aliyoichagua Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, kuwa mahali pa hadithi yake The River Between, iliyotolewa mwaka 1965. Vilima viwili, Kameno na Makuyu, vyatazamana, na kati yao hupita mto Honia. Kameno hushika mila za mababu. Makuyu ni ngome ya Wakristo, na kiongozi wao ni Joshua.

Wengi husema kwamba hadithi hii ni ya ugomvi baina ya mila na dini mpya. Hawakukosea, lakini naona mna swali jingine lililo zito zaidi: je, mtu mwenye haki aweza kuipoteza haki yake kwa ukali?

Mtazame Joshua. Anakataza tohara ya wasichana. Katika jambo hili hatuwezi kumlaumu, maana hata sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imelikataza, na binti yake Muthoni alikufa kwa jeraha lake. Lakini mtazame tena, uone jinsi anavyolikataza. Muthoni alipotorokea Kameno kwa shangazi yake, baba alimhesabu kuwa si mwanawe tena. Habari ya kifo ilipomfikia, hakuonyesha huzuni. Mlinganishe na yule baba katika mfano wa mwana mpotevu. Yeye hakuusifu upotevu, lakini alimkimbilia mwanawe. Na ajabu ni kwamba Muthoni hakumwacha Yesu. Alikufa akisema anamwona. Wahenga walinena kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Maneno ya Joshua yalimtoa mwana nyumbani.

Mwandishi hakuyatoa haya hewani. Mwaka 1929 misheni kadhaa katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka waumini wao waikane tohara ya wasichana. Watu wengi waliyaacha makanisa hayo, wakajijengea shule na makanisa yao wenyewe. Amri ilitolewa, lakini mioyo haikugeuka.

Hata hivyo hadithi hii ina kasoro. Miriamu, mkewe Joshua, ni mpole na mwenye huruma, lakini mwandishi amempa machozi bila kumpa kauli. Msomaji asiyeangalia aweza kudhani kwamba upole ni kunyamaza. Sivyo. Upole na woga si ndugu. Mtafute mpole wa kweli katika Nyambura, dada yake Muthoni. Hamtukani baba yake wala hamchukii, lakini anasimama mbele yake na mbele ya watu, akakiri kwamba anampenda Waiyaki, mwalimu wa Kameno. Kwa ajili hiyo akakanwa kama dada yake.

Huenda kesho nawe ukawa kiranja, mwalimu au mchungaji. Siku hiyo usijiulize tu kama unalolisema ni kweli. Jiulize pia kama yule aliyekosa angethubutu kurudi kwako. Mlango wa Joshua ulikuwa na haki yote ndani yake, na binti zake wawili walikuwa nje.