Kubipu na Kutumia: Uhakiki wa Istilahi ya Ishara katika Kiswahili cha Kompyuta

Juhudi za kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kompyuta zilipata sura ya wazi mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilihusu zaidi maneno anayoyaona mtumiaji kwenye skrini. Tabaka la chini, yaani mawasiliano baina ya michakato ndani ya mfumo endeshi, halikunufaika kwa kiasi hicho. Katika tabaka hilo neno ishara limebebeshwa dhana mbili zinazotofautiana.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, wito wa kill hudai vitu viwili: mchakato unaolengwa na namba ya ishara. Wito wa sigqueue, ulioingia katika viwango vya POSIX mwaka 1993, huongeza cha tatu: thamani, ambayo ni namba kamili au anwani ya kumbukumbu. Ishara za kawaida za aina moja zikirudiwa kabla ya kupokelewa huhesabiwa kuwa moja; ishara za wakati halisi hupangwa foleni, kila moja na thamani yake.

Tofauti hii si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili. Mpanda, mkoani Katavi, ni kituo cha mwisho cha tawi la reli linaloanzia Kaliua. Asikiaye honi ya treni mjini humo hujua kwamba treni imefika. Honi haimwambii iwapo behewa limebeba saruji au chumvi. Hilo husemwa na hati ya mzigo. Honi ikilia mara tatu, mchukuzi huja mara moja tu. Hati zikiwa tatu, mizigo ni mitatu. Methali nayo imekwisha kusema: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Jambo lipo, ila mbiu hailitaji.

Ushahidi ulio imara zaidi umo katika sintaksia. Kitenzi kubipu, kilichozaliwa na simu za mkononi, hupokea yambwa moja: mtu humbipu mwenzake, wala hambipu habari. Mpokeaji huona namba ya aliyembipu, kama vile mchakato unavyoweza kujua kitambulisho cha mchakato ulioita kill, lakini maudhui hayapo. Kutumia, katika maana ya kumpelekea mtu kitu, ni kauli ya kutendea ya kutuma, nayo hupokea yambwa mbili: kumtumia mtu salamu. Yambwa hiyo ya pili ndiyo thamani ya sigqueue.

Yawezekana kudaiwa kwamba kubipu ni neno la mtaani lisilofaa kitabuni. Hoja hiyo ina uzito katika kuteua istilahi rasmi, ambako ishara tupu na ishara yenye data zingetosha. Haina uzito katika ufundishaji. Mwanafunzi wa Mpanda husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na sayansi ya sekondari kwa Kiingereza; akipewa neno moja kwa dhana mbili, hunyimwa tofauti ambayo sarufi ya lugha yake imekwisha kuichora. Udhaifu hapa ni wa mbinu ya kuunda istilahi kwa kulinganisha nomino na nomino bila kuvisikiliza vitenzi.